Acheni "Wito", Hesabuni Majalada

Kuna sentensi ambayo kila mgeni rasmi ameikariri. Akisimama mbele ya maafisa ustawi wa jamii, walimu wa unasihi au watoa ushauri nasaha wa kliniki za VVU, lazima aseme: kazi yenu ni wito. Makofi yatapigwa, soda zitafunguliwa, na Jumatatu afisa atarudi peke yake kwenye meza iliyojaa majalada. Ndani ya sifa hiyo imejificha imani tunayoishi nayo wote: mwenye wito hachoki, na aliyechoka hakuwa na wito.

Ni uongo, na Katavi inatosha kuuanika.

Mkoa huu wa Tanzania ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Niambieni ni ofisi gani ya ustawi wa jamii, kuanzia Manispaa ya Mpanda hadi Mpimbwe, iliyoongezewa watumishi kwa kasi hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 nao uliiweka Katavi juu ya mikoa yote kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 27. Kila msichana kati ya hao alihitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza.

Tuseme mwalimu amemleta binti wa darasa la saba. Afisa anamsikiliza, anampeleka hospitali, anaongozana naye hadi dawati la jinsia, anaandika taarifa. Sheria haina kigugumizi: tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Zinapita wiki chache, wazee wanakaa, ng'ombe wanatajwa, kisha unaletwa ujumbe kwamba mambo yameshamalizwa kifamilia. Shahidi hapatikani. Kesi inaanguka. Jumamosi afisa anakutana na baba wa binti Soko la Buzogwe, na baba anamwamkia kwa uchangamfu kabisa. Jumatatu analetwa binti mwingine.

Watu hudhani mshauri huchoshwa na machozi ya wenzake. Machozi yanabebeka, tena kwa miaka mingi, iwapo yanafika mahali. Kinachommaliza ni kazi inayofumuliwa nyuma yake kila anapoishona, bila mkubwa wa kumuuliza usiku analalaje.

Dalili za uchovu huo wala hazifanani na huzuni. Yule aliyekuwa akimuuliza binti kama amekula, sasa anauliza kama fomu imejazwa. Anaanza kusema "hawa watu ndivyo walivyo". Simu anaizima ikigonga saa tisa na nusu. Halafu anafoka, wananchi tunalalamika kuhusu lugha chafu, na mwajiri anamwandikia barua ya onyo. Sitetei lugha chafu. Wapo pia waliokuja nayo kutoka kwao. Lakini mtu aliyekuwa mpole miaka sita akageuka mkali mwaka wa saba ametupa taarifa kuhusu ofisi yake, nasi tunaisoma kama taarifa kuhusu tabia yake.

Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya uchovu huu mwaka 1974, aliuona kwa watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure jijini New York, na akasema walio hatarini zaidi ni wale wenye moyo wa kujitoa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea kama tatizo linalotokana na kazi, si maradhi ya mtu. Kwa hiyo wito haumkingi mtu. Aliyefuata mshahara peke yake hutoka kazini akalala vizuri; mwenye wito ndiye anayepokea simu kutoka Karema saa nne usiku, kwa vocha yake.

Nitajibiwa kwamba shangazi zetu walishauri vizazi na vizazi bila semina wala posho, na hawakuchoka. Shangazi alikuwa na mabinti wa ndugu zake, hakuwa na kata nzima. Likimshinda, alimwita shangazi mwingine, wakakaa wawili. Mshauri wa leo tumemwachia mzigo wa ukoo bila kumpa ukoo.

Wengine watasema bajeti haitoshi. Ajira mpya zinahitaji fedha, kweli, na madiwani wanapaswa kuzipigania. Ila saa moja kila Ijumaa ambapo washauri wanakaa na mwenzao mwenye uzoefu kuzungumzia kesi zilizowalemea, tena si kukaguliwa, inahitaji fungu gani? Kuwagawia wawili wawili kesi za ubakaji kunahitaji mfadhili gani? Likizo ya siku 28 imo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini tangu 2004, lakini mshauri asiye na wa kumshikia nafasi huiahirisha, na wakubwa humsifu kwa uzalendo.

Mgeni rasmi anayekuja, kabla hajafika kwenye neno wito, aulizwe hadharani: katika halmashauri hii, afisa mmoja ana majalada mangapi yaliyo wazi, na mara ya mwisho alikwenda likizo lini? Akikosa jibu, aketi, na anayeyajua majibu hayo apewe kipaza sauti.