Mashine ya Chuo Ipimwe kwa Fundi wa Bodaboda

Leo tuache kidogo mbolea na viwavijeshi, tuongee injini. Utafiti wa magari kwenye vyuo vikuu unatuhusu sisi watu wa jembe kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jirani zetu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo yakaonyeshwa hadharani, matano ya majaribio. Wataalamu walifanya kazi yao, lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, mambo yakaishia hapo. Uganda walifika mbali zaidi. Makerere walitoa gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya Kiira Motors yenye kiwanda Jinja.

Ila kilichonivutia mimi pale Makerere si gari la umeme. Ni MV Mulimi, chombo cha matairi matatu kilichobuniwa na timu ya Profesa Noble Banadda, aliyefariki mwaka 2021. Mulimi kwa Kiganda ni mkulima. Kilikusudiwa kulima, kubeba mzigo, kuvuta maji na kupukuchua mahindi, chote hicho chombo kimoja. Hapo mtafiti alimfikiria mwenye ekari mbili kabla hajashika kalamu ya kuchora.

Kwetu Tanzania wataalamu wapo. SUA Morogoro wanafundisha uhandisi wa kilimo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana ndaki ya uhandisi, CAMARTEC wapo Arusha, Nyumbu wapo Kibaha. Tatizo si vichwa. Tatizo ni kuona kazi imekwisha pale mashine inapowaka mbele ya mgeni rasmi na watu wakapiga makofi. Mimi nasema hapo ndiyo kwanza inaanza.

Mtihani wa kweli uko kijijini, kwa fundi wa bodaboda. Je, anaweza kuifungua kwa spana alizonazo? Mnyororo, beringi na klachi vinapatikana dukani kwa muuza spea, au mpaka viagizwe? Tumeshaona pawatila zikilala chini ya mwembe msimu mzima kwa sababu ya kifaa kimoja kidogo, huku kikundi kikiendelea kulipa mkopo. Mvua haimsubiri mtu anayetafuta spea.

Wapo watakaosema kufunga injini ya pikipiki kwenye jembe ni kazi ya mafundi, chuo kifanye sayansi kubwa. Si kweli. Injini nyingi za bodaboda zinapozwa na upepo wakati pikipiki inakimbia. Ukiisimamisha ivute maji, au ukiilimisha kwa mwendo wa kinyonga, upepo hamna, inachemka na pistoni inakwama. Inahitaji feni ya ukubwa gani? Mwendo upunguzwe kwa gia zipi ili nguvu iongezeke? Udongo wa mfinyanzi unadai nguvu kiasi gani kuliko wa kichanga? Hiyo ni sayansi tosha, na fundi peke yake ataishia kubahatisha huku akiunguza injini za watu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Chuo kikibuni mashine ya shamba, ikae kijijini msimu mzima, kuanzia kulima mpaka kuvuna, na fundi wa hapo awe na sauti kwenye ripoti. Na serikali ikitoa fedha za utafiti, itenge pia fungu la kuitengeneza kwa wingi, yasije yakatukuta ya Nyayo.

Nanyi wakulima, mkienda Nane Nane msiishie kushangaa. Ulizeni spea ziko wapi, nani anaitengeneza, na inakula mafuta kiasi gani kwa ekari. Ukijibiwa kwa kigugumizi, pesa ibaki mfukoni kwanza.