Utulivu wa Mji Mdogo Una Kazi Yake

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na tangu hapo wakazi wake wamezidi kuitazama miji midogo ya Njoro, Elburgon na Molo ama kwa husuda, kwa kuwa ni mitulivu, ama kwa dharau, kwa kuwa eti hakuna jambo litokealo huko. Maoni yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kuuona utulivu kuwa kitu kinachojileta chenyewe kama ukungu wa Msitu wa Mau, ilhali hutokana na kazi ya watu, na watu hao wakizembea utulivu huharibika.

Miji hiyo ilizaliwa na shughuli. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika Ziwa Victoria, na kandokando ya stesheni zake yakachipuka maduka na masoko. Elburgon ikastawi kwa mbao, na Molo kwa pareto, yaani maua meupe yanayokaushwa na kusagwa ili kutengeneza dawa ya kuua wadudu. Lakini wakulima wa pareto walipocheleweshewa malipo, wengi waliing'oa wakapanda viazi. Na serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, mashine nyingi za kupasua mbao zilizima. Msitu ulihitaji kulindwa, kwani Mto Njoro unaoingia Ziwa Nakuru huanzia huko Mau; hata hivyo, kimya cha kiwanda kilichofungwa ni njaa, wala hakistahili kusifiwa na mgeni aliyekuja kupunga upepo.

Kiko pia kimya cha hofu. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na wakazi wa Molo na wa eneo jirani la Kuresoi waliushuhudia ukweli huo katika ghasia za mwaka 1992 na za 1997, kisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, pale majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na viazi walipokimbiana. Utulivu uliokuwapo kabla ya hapo ulificha manung'uniko ya ardhi ambayo hayakuzungumzwa yakaisha.

Kwa hiyo yawapasa wakazi wa mji mdogo kuutunza utulivu wao kwa vitendo. Wazee na wasizungumzie mipaka ya mashamba katika baraza la chifu siku ya ugomvi tu, bali mapema, mbele ya vijana watakaoirithi. Wafanyabiashara na wahudhurie vikao vya ushirikishwaji wa umma, yaani mikutano ambayo wananchi, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hutoa maoni kuhusu mipango na bajeti ya kaunti, maana anayekaa nyumbani siku ya kikao hana haki ya kushangaa barabara ikijengwa kwingine. Wazazi nao waache kumhesabu kijana aliyebaki Elburgon kuwa ameshindwa na maisha, hali wakimsifu yule anayehangaikia kibarua Nairobi. Afadhali wamsaidie kupata miche, mtaji au ufundi.

Nalo jiji lina deni. Likitaka maji ya Mau na viazi vya Molo, halina budi kudai kwamba watunzao msitu na kulima viazi hivyo wapate riziki ya haki, kwa maana mji wenye njaa hautadumu katika utulivu.