Mbegu ya kunde ipimwe Kibiti pia
Mbegu bora za kunde, kama Tumaini na Vuli-1, zilitoka kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa. Ni kazi njema, lakini Ilonga si bonde la Rufiji, ambako wakulima wa mlau hupanda mafuriko yakishapungua, udongo ungali na unyevu. Hao hawahesabu magunia tu. Huangalia pia kama majani yanafaa kwa mboga na kama kunde zenyewe huiva upesi jikoni. Wapo watakaosema mkulima hajui vinasaba wala magonjwa ya mimea. Kweli, na hakuna anayetaka maabara ifungwe. Ila mbegu isiyopendwa hubaki dukani, hata iwe na cheti. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ipande majaribio Kibiti, katika bonde hilo la Rufiji, na wanawake wanaozipika kunde hizo wachague kabla aina haijaidhinishwa.