Damu ya Limulasi na Uvivu wa Kanuni

Mazoea yakikaa sana maabara huvaa joho la sayansi. Leo nataka kulivua joho hilo.

Dawa ya sindano, chanjo na maji ya dripu hupimwa kwanza kama yana endotoksini, sumu iliyomo katika ukuta wa baadhi ya bakteria. Kuchemsha hakutoshi: bakteria hufa, sumu hubaki, na ikiingia katika damu huleta homa, pengine kifo. Kipimo ni cha lazima, sikibishi.

Ninachobisha ni gharama yake. Zamani sungura walidungwa dawa, kisha wakasubiriwa wapate homa. Mwaka 1977 Marekani iliruhusu badala yake damu ya limulasi, mnyama wa pwani yake ya mashariki mwenye gamba lenye umbo la kwato la farasi. Damu hiyo ya buluu huganda ikikutana na endotoksini. Kila mwaka mamia ya maelfu ya limulasi hukamuliwa damu na kurudishwa baharini. Wasimamizi wa uvuvi hukadiria kuwa 15 katika kila 100 hufa. Mayai yao ni chakula cha ndege wahamao wanaotua Ghuba ya Delaware.

Njia mbadala ipo. Jeak Ling Ding na Bow Ho, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, waliunda maabara protini ileile inayoitambua sumu. Kipimo chake kinauzwa tangu 2003. Kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kilikikubali 2021. Cha Marekani, 2025.

Watetezi wa kungoja husema walijali usalama wa mgonjwa. Mbona mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kipandauso iliyopimwa kwa njia hiyo mpya? Tena damu ya limulasi huweza kudanganywa na chembechembe za kuvu. Protini hiyo haidanganyiki hivyo. Kipya kilidaiwa ushahidi kila siku, cha kale hakikuulizwa chochote.

Enyi watumishi wa umma mnaoandika kanuni, tajeni kiwango cha usalama kinachotakiwa, msitaje njia moja tu ya kukifikia. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa "ndivyo ilivyo," ulizeni tangu lini, na nani anayelipa.