Sinki la Kutazamwa

Leo sina hadithi, nina ugomvi. Nimechoka kusikia kwenye vikao vyetu vya uandishi kwamba mambo ya jikoni ni mambo madogo, hayabebi riwaya. Eti tuandike siasa, ufisadi na mapenzi. Juzi kaka mmoja mwenzetu amenirudishia mswada wangu, kisa mhusika mkuu "anaosha vyombo kurasa nne nzima." Nne tu, bwana! Msichana huyo anaosha vyombo saa mbili nzima kila siku ya Mungu. Kurasa nne ni kumpunguzia.

Haya, mnataka siasa? Njooni penye sinki.

Tembea Tabata, Kimara, popote panapoota nyumba mpya Dar es Salaam. Mwenye nyumba atakuonyesha jiko lake kwa mbwembwe: sinki la stili lenye bakuli mbili, na nyuma yake ukuta umepigwa marumaru nyeupe za maua ya bluu mpaka juu. Zinang'aa ajabu! Unajua kwa nini zinang'aa? Kwa sababu hakuna anayepika pale. Maharage yanachemkia uani juu ya mkaa, chapati zinachomwa uani, masizi yote yako uani. Mle ndani inachemshwa chai ya mgeni, basi. Ukuta haujarukiwa hata tone la mafuta tangu fundi alipoupa mgongo.

Na sinki lenyewe? Jaribu kuliingizia sufuria la pilau ya watu ishirini. Linakalia ukingo kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea. Bomba nalo lina hiari yake. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji zima lilitangaziwa mgao wa maji. Lakini hata pasipo tangazo kuna mitaa maji yanatoka kwa zamu, pengine usiku wa manane, na asiye na simtanki anaamka na madumu yake. Sinki linageuka kabati. Nimeona kwa macho yangu sinki linatunza vitunguu.

Vyombo vinaoshwa wapi basi? Chini, uani. Beseni la povu, beseni la kusuuzia, dodoki, majivu kwa ajili ya masizi, na mtu amekaa kwenye kigoda au ameinama kiuno kama upinde. Msinielewe vibaya, sisemi ni ushamba. Mabeseni mawili yanakula maji machache kuliko bomba linaloachwa wazi, na kichanja kinachopigwa jua ni bora mara mia kuliko kile kitambaa chenye unyevu wa juzi. Ubaya ni kwamba mgongo wa mwoshaji haukuingia kwenye hesabu. Sehemu tu ya pesa za yale maua ya bluu ingejenga pale uani karo la saruji la kimo cha kiuno, pana la kumeza sufuria lolote, lenye kibaraza cha kuwekea mabeseni na mfereji wa kupeleka maji machafu mbali na mlango. Fundi anaweza. Hakuombwa.

Hakuombwa kwa sababu anayechagua sinki siye anayeosha. Wenzetu waliwahi kulifikiria hili. Mwaka 1926 huko Frankfurt, Ujerumani, msanifu majengo mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi, mita 1.9 kwa 3.4 hivi, akihesabu hatua na dakika za mtu anayefanya kazi mle ndani. Yalijengwa yapata 10,000. Haya majiko ya makabati ukutani tunayoringia leo ni wajukuu wa lile. Makabati tumeyaiga, hesabu ya hatua tumeiacha hukohuko.

Kwetu anayeosha ni dada wa kazi, binti aliyeletwa kutoka mkoani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na yeye ni mwajiriwa kama karani wa ofisini. Muulize dada wa kwenu anafikisha 45 siku gani. Jumatano? Hiyo si siasa, wazee wa ufisadi?

Pasipo dada wa kazi, ni sisi mabinti wa nyumba. Kwetu tumemaliza shule wawili, kaka yangu na mimi, na wote tunaandika. Chakula cha usiku kikiisha, yeye anafungua daftari, mimi nafungua sabuni. Ninapokaa kushika kalamu ni saa nne na nusu, vidole vimesinyaa kwa maji, na yeye sura imeshakamilika, ananipa niisome. Halafu kwenye vikao mnauliza mbona waandishi wa kike wachache!

Shafi Adam Shafi aliwaandika makuli wa bandari ya Zanzibar katika Kuli, mwaka 1979, na leo hakuna kati yetu anayethubutu kusema gunia ni jambo dogo. Kabla ya hapo, kwenye Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978, mtumishi Kijakazi alikuwa amepewa nafasi yake. Sufuria lenye ukoko lina kosa gani? Hebu zisomeni hadithi zenu, jamani. Wahusika wanaagiza kuku, wanakula, wanakunywa, wanaingia chumbani. Sahani zinakwenda wapi? Zinayeyuka! Kuna mtu amepita pale, amezibeba, na ninyi mliokuwa mnaandika hamkumwona.

Mswada wangu siukati. Zile kurasa nne zinabaki, na wiki hii nimeongeza ya tano: sufuria la ugali lililolowekwa tangu jana, na bomba halijatoka.