Usiniuzie Amplifaya Nyingine, Nipimie Volti

Leo ninateta, na wauzaji wa muziki wa magari wakinuna, wanune. Ukipeleka gari na redio inalia kama mbu, hakuna anayetafuta huyo mbu yuko wapi. Unauziwa kitu. Ukirudi wiki ijayo ukisema bado analia, unauziwa kitu kingine, ghali kuliko cha kwanza. Kutafuta hitilafu, ambayo ndiyo kazi yenye elimu ndani yake, kumeachwa. Kilichobaki ni kuuza maboksi na kuomba Mungu.

Sisi watu wa programu tunaijua sana tabia hii. Mteja anasema mfumo unakwenda polepole, na mtu ambaye hajafungua logi hata moja anajibu, "Nunueni seva kubwa." Seva inanunuliwa na mfumo unaendelea kutambaa, kwa sababu shida ilikuwa jedwali moja la hifadhidata lisilo na faharasa. Lakini angalau hakuna anayeketi juu ya seva saa tisa usiku akiteremka na tani moja ya kabichi mgongoni.

Mjomba wangu ndiye anayeketi hapo. Ana pikapu ya Isuzu ya dizeli, ile ya kebini moja, na anabeba mboga kutoka Kinangop hadi Nairobi kupitia Flyover. Muziki kwake si wa kujionyesha, ni wa kumzuia kusinzia. Akafungiwa redio mpya yenye USB, spika mbili za milangoni, amplifaya ya chaneli 4 nyuma ya kiti na wufa ya inchi 10 ndani ya kasha jembamba. Duka sitalitaja, maana ninalolalamikia linafanyika katika maduka mengi.

Ndani ya miezi miwili alikuwa na malalamiko matatu. La kwanza, mlio mwembamba ndani ya spika, unaopanda akikanyaga mafuta na kushuka akiachilia. La pili, akiongeza sauti, muziki wote unakatika, kisha unarudi wenyewe. La tatu, Jumatatu alfajiri pikapu haiwaki.

Kwa mlio aliuziwa kichujio cha kelele, shilingi 1,500. Kwa kukatika aliambiwa, "Mzee, hii amplifaya ni ndogo," akauziwa kubwa zaidi kwa shilingi 9,000. Kwa kutowaka aliambiwa betri imekufa, akanunua mpya kwa 11,500. Jumla ni shilingi 22,000. Malalamiko yalibaki matatu, na katika safari zote hizo hakuna aliyetoa mita.

Wacha niseme kuhusu hiyo amplifaya kubwa, kwa sababu inanikera kipekee. Juu yake imeandikwa wati 1,800 kwa rangi ya dhahabu. Ubavuni ina fyuzi mbili za ampea 15, yaani 30 kwa jumla. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari ni kama volti 13.8. Zidisha: 30 mara 13.8 ni 414. Hizo ndizo wati zinazoweza kuingia kwa muda wowote wa maana kabla fyuzi hazijakatika, na amplifaya ya aina ile hupoteza karibu nusu kama joto. Kwa hiyo zinazotoka kwenye spika ni kama 200. Zile 1,600 zilizobaki ni rangi ya dhahabu tu. Hesabu hii ni ya shule ya upili. Georg Ohm alichapisha sheria yake mwaka 1827, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema habari haijamfikia.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Mita niliyotumia ilinunuliwa Luthuli Avenue kwa shilingi 1,200, pungufu ya bei ya kile kichujio.

Jambo la kwanza ni kukata tatizo katikati, kama unavyotafuta hitilafu katika mabadiliko 1,000 ya programu: ukigawa nusu kwa nusu, unafika kwa hatua kama 10. Kwenye muziki wa gari unachomoa nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka redioni hadi kwenye amplifaya, huku injini inanguruma. Mlio ukiendelea, shida iko kwenye amplifaya au baada yake. Ukinyamaza, shida inaingia kupitia nyaya zile. Kwa mjomba ulinyamaza. Jaribio hili linachukua sekunde 20 na halihitaji hata mita.

Mlio unaofuata mwendo wa injini asili yake ni alteneta. Lakini alteneta kila gari inayo, na magari mengi hayalii. Unaosikika ndani ya spika mara nyingi unatokana na redio na amplifaya kutokubaliana sifuri iko wapi. Kila kimoja kinarudisha umeme kupitia bodi ya gari kwa waya wa erthi. Erthi ya amplifaya ikiwa mbovu, sehemu ya umeme wake hutafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani, na njia iliyo karibu ni ganda la waya wa RCA. Unaingia redioni ukiwa umebeba kelele zote za alteneta, na wewe unasikia mbu.

Hapa pikapu ina siri yake, ndiyo maana fundi aliyezoea Vitz na Probox anaweza kupotea. Kwenye gari dogo bodi ni kipande kimoja cha chuma. Pikapu ina chesi, na kebini imekaa juu ya chesi kwa raba. Raba haipitishi umeme. Kebini inaungana na chesi na betri kwa waya mmoja au miwili ambayo kiwandani iliwekwa kwa ajili ya taa, honi na redio ndogo. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atapitisha ampea 30 hapo. Sasa ongeza miaka ya matope na kutu.

Nikaweka mita kwenye volti, muziki juu, injini ikinguruma. Betrini: 13.8. Kwenye miguu ya amplifaya: 11.3. Volti mbili na nusu zimepotea njiani! Kutoka chanya ya betri hadi chanya ya amplifaya, upotevu ulikuwa 0.6. Kutoka hasi ya amplifaya hadi hasi ya betri, 1.9. Upande huo unapaswa kuonyesha 0.1 au hivi. Na mita ya kawaida huonyesha wastani, kwa hiyo kila wufa ilipopiga, umeme ulishuka chini zaidi ya hapo na amplifaya ikajizima ili kujilinda. Ile ya kwanza, iliyoitwa ndogo, ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Waya wa erthi ulikuwa umefungwa kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi. Rangi! Bolti ikakwanguliwa hadi chuma kikang'aa, na waya mnene ukaongezwa kutoka kebini hadi hasi ya betri. Upotevu ukashuka hadi 0.1. Mlio ukaisha na muziki ukaacha kukatika, vyote kwa dawa moja. Malalamiko mawili yaliyouziwa vifaa viwili vya jumla ya shilingi 10,500 yalikuwa kosa moja la rangi na waya mwembamba. Kisha tukatoa kichujio ili tuone kilikuwa kinafanya nini. Hakukuwa na tofauti yoyote.

Betri nayo. Ufunguo nje, milango imefungwa, mita kwenye ampea kati ya nguzo hasi na waya wake. (Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.) Pikapu iliyolala inapaswa kunywa chini ya ampea 0.05. Hii ilikuwa inakunywa 1.1. Nikachomoa waya wa rimoti kwenye amplifaya, ule mwembamba unaoiambia "amka", na namba ikaanguka.

Fanya hesabu. Jumamosi saa moja jioni hadi Jumatatu saa kumi alfajiri ni saa 33. Mara 1.1 ni ampea-saa 36. Betri ni ya 60. Inaamka ikiwa imebaki na chini ya nusu, kwenye baridi ya Kinangop, halafu inaombwa kuzungusha injini ya dizeli. Betri ya 11,500 iliyonunuliwa ilikuwa inauawa polepole kama mwenzake, kwa sababu betri za kuwashia gari hazipendi kabisa kumalizwa hivyo mara kwa mara.

Kwa nini waya wa rimoti ulikuwa na umeme usiku kucha? Uliunganishwa na waya wa njano wa redio, ambao una umeme wakati wote. Na najua kwa nini. Redio nyingi zina waya wa buluu wa antena na mwingine wa buluu wenye mstari mweupe wa amplifaya. Ule wa antena, kwenye redio nyingi, huzima ukiacha stesheni na kucheza USB. Fundi aliunganisha wa antena, mteja akaweka USB, amplifaya ikalala, na badala ya kuuliza kwa nini, akahamisha waya hadi kwenye njano. Imefanya kazi! Mteja akaenda na furaha. Kila mwanaprogramu amewahi kuona msimbo ulioandikwa namna hiyo, na anajua atakayeamshwa usiku si yule aliyeuandika.

Lakini yote hayo ni pesa na usingizi. Kilichonifanya niandike kwa hasira ni fyuzi, au tuseme nafasi ya fyuzi. Waya mnene mwekundu ulitoka chanya ya betri, ukapita tundu lililotobolewa kwenye bati kati ya injini na kebini bila raba ya kuukinga, ukaenda nyuma ya kiti. Fyuzi ya njiani? Haikuwapo. Nilipouliza, jibu la fundi kwa simu lilikuwa, "Lakini amplifaya ina fyuzi zake."

Fyuzi za amplifaya zinalinda amplifaya. Waya unalindwa na fyuzi iliyo karibu na betri, isizidi kama sentimita 45, kwa sababu kipande chochote kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea. Lile tundu la bati lina makali, barabara ina mashimo, na kila shimo ni msumeno mmoja juu ya plastiki ya waya. Siku chuma kitakapogusa shaba, waya utageuka kuwa nyekundu kama sigiri, na utawasha zulia lililo chini ya miguu ya mtu anayeendesha. Kinga yake ni kifuko cha fyuzi na kipande cha raba. Duka lililouza bidhaa za shilingi 22,000 halikuona nafasi ya hivyo viwili.

Najua nitajibiwa kwamba nadharau mafundi wa jua kali. Hapana. Wako ambao wanatambua hitilafu kwa sikio kabla sijatoa mita mfukoni. Shida ni kwamba hakuna anayewalipa kwa sikio hilo. Mteja yuleyule asiyelalamikia amplifaya ya 9,000 atapiga kelele barabara nzima akiambiwa alipe 1,000 kwa kukwangua bolti. "Umegusa waya mmoja tu!" Mjomba wangu mwenyewe alisema hivyo, na ni mtu mzuri. Basi fundi mwenye akili anajifunza haraka: ukweli haulipi, boksi linalipa. Sisi wateja ndio tuliomfundisha, kwa kubana ufundi hadi sifuri na kulipia vifaa bila swali.

Kwa hiyo mimi nimeamua namna yangu ya kulipa. Fundi akitafuta hitilafu, analipwa kwa kutafuta, hata kama mwisho wake hakuna kilichonunuliwa. Ninachotaka ni namba nne zilizoandikwa kwenye risiti: volti betrini injini ikinguruma, volti kwenye amplifaya muziki ukiwa juu, upotevu wa upande wa erthi, na ampea zinazonywewa ufunguo ukiwa nje. Chini yake aandike fyuzi ya waya mkuu iko sentimita ngapi kutoka betrini. Kwa karatasi hiyo natoa 1,500, ileile iliyokwenda kwenye kichujio, na sibishani bei. Asiye na mita nitamwazima yangu, ila airudishe na fyuzi nzima.