Kwa nini ndege kubwa haziwezi kutua Isiolo

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Isiolo ulipofunguliwa rasmi mwaka 2017, wakulima wa miraa wa Meru na wafugaji wa kaskazini walitiwa matumaini kwamba bidhaa zao zingesafirishwa moja kwa moja hadi ng'ambo. Jengo la abiria lilikuwa tayari, lenye uwezo wa kuhudumia wasafiri 125,000 kwa mwaka. Barabara ya kupaa na kutua, hata hivyo, ilikuwa na urefu wa kilomita 1.4 tu.

Tangu hapo lawama zimeelekezwa kwa urefu huo. Ni lawama za haki, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili imo miguuni mwa ndege yenyewe.

Boeing 747 ya mizigo, aina ambayo imebeba maua ya Kenya kwenda Ulaya kwa miaka mingi, yaweza kupaa ikiwa na uzito unaokaribia tani 400. Uzito huo wote hukanyaga ardhi kwa magurudumu 18: mawili ya mbele, na 16 yaliyopangwa katika miguu minne, miwili chini ya mabawa na miwili chini ya kiwiliwili. Kila mguu una silinda yenye mafuta na gesi ya naitrojeni, ambayo hubonyea ndege inapogusa ardhi ili kumeza kishindo. Wingi wa magurudumu ni kwa ajili ya kuinusuru lami. Hata uzito ukigawanywa hivyo, kila gurudumu kubwa bado hubeba zaidi ya tani 20. Lami iliyowekewa ndege ndogo ingetitia.

Kisha kuna kugeuka. Magurudumu mawili ya mbele hubeba sehemu ndogo ya uzito, ila ndiyo yanayoongoza. Ndege inapokimbia ili ipae, rubani huyageuza kwa pedali za miguuni, nyuzi 7 hivi pekee, kwani kona kali katika mwendo huo ingeipeleka vichakani. Ikitembea polepole, hutumia usukani mdogo ulio kando ya kiti chake, na magurudumu hugeuka hadi nyuzi 70. Hata hapo, miguu miwili ya kiwiliwili hulazimika kugeukia upande ulio kinyume na wa yale ya mbele, la sivyo matairi yangeburutwa na kuchunika. Pamoja na hila hiyo, 747 yahitaji lami yenye upana wa zaidi ya mita 45 ili igeuke na kurudi ilikotoka.

Kwa hiyo anayezitaka ndege hizo Isiolo atalipia pia unene wa lami, sehemu pana za kugeukia na eneo la kuegesha. Isitoshe, uwanja uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, penye joto, na hewa nyepesi hudai urefu zaidi.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba soko la miraa lililo karibu halihitaji magurudumu 18. Uingereza ilipiga marufuku zao hilo mwaka 2014. Somalia ililifungia mlango 2020 na kuufungua tena Julai 2022. Ndege za propela kama Dash 8, zenye magurudumu sita, humudu barabara fupi kama hiyo ya Isiolo. Kinachotakiwa hapo ni maafisa wa forodha, vyumba vya baridi na wenye ndege walio radhi kuhamisha safari zao kutoka Nairobi. Nyama ya kupelekwa Ghuba kwa wingi ndiyo inayosubiri lami.